Huru, Huria na Bure: Tusiyachanganye

Katika lugha ya Kiingereza limo neno dogo la herufi nne ambalo halijui siku ya mapumziko. Asubuhi hufanya kazi bungeni, adhuhuri huwa sokoni, alasiri huingia uwanja wa mpira, na magharibi hukutwa limeandikwa juu ya makopo ya dukani. Neno lenyewe ni free. Vijana wa Musoma mjini wamekwisha kulivika kanzu ya Kiswahili na kulitamka fri. Asiye na kazi mchana huo husema yuko fri; aliyenunuliwa soda husema amepata fri; na mtangazaji wa kandanda, mwamuzi anapopuliza kipyenga, hutangaza frikiki.

Hatukusudii kufundisha Kiingereza katika safu hii. Kazi hiyo ina walimu wake. Tunalileta neno hili mbele ya wasomaji kwa sababu limo ndani ya mambo ambayo Serikali huwaahidi wananchi, na kwa sababu ahadi ikitafsiriwa vibaya huzaa ugomvi baina ya mzazi na mwalimu, baina ya mgonjwa na mganga, baina ya mvuvi na bwana samaki. Ugomvi wa namna hiyo si mgeni katika mkoa wetu wa Mara, na ndugu zetu wa visiwani, wa Rukuba na wa Ukerewe ng'ambo ya maji, wanaujua pengine kuliko sisi tulio bara.

Atokaye Ukerewe kuja Bunda huvuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, ndipo ashike barabara. Neno hili nalo likitoka katika Kiingereza lazima livuke kabla ya kufika kwetu. Ila lina ajabu yake: ng'ambo ile hupanda abiria mmoja, na ng'ambo hii huteremka watano. Afisa aliyekwenda gatini kumpokea mgeni mmoja hubabaika, na aghalabu humshika mkono yule aliye karibu naye, akaenda naye nyumbani, kumbe siye.

Tuwahesabu abiria hao. Wa kwanza ni huru: mtu asiye mtumwa wa mtu, au nchi isiyotawaliwa na nchi nyingine. Wa pili ni huria, yaani jambo lililoachwa wazi, lisilofungwa kwa vizuizi vingi, kama tusemavyo soko huria au ufugaji huria. Wa tatu ni bure, kitu kisicholipiwa. Wa nne ni nafasi. Muulize mtu kwa Kiingereza kama kesho yu free, naye kwa Kiswahili atajibu kwamba ana nafasi au hana. Wa tano ni bila: bidhaa zilizosamehewa ushuru, na kinywaji kisichotiwa sukari, vyote kwa Kiingereza hubandikwa neno hilo hilo moja.

Hata ile frikiki ya vijana ina funzo lake. Kiingereza humtazama aliyechezewa vibaya, kikasema sasa na apige kwa uhuru, asizuiwe na mtu. Kiswahili sanifu humtazama mkosaji, kikauita mpira wa adhabu. Tendo ni moja, lakini kila lugha imesimama upande wake wa uwanja. Kwa hiyo mfasiri habadili neno tu. Hubadili pia mahali pa kusimama, na asiyelijua hilo atafunga goli katika lango la wenzake.

Je, ilikuwaje neno moja likabeba mizigo mingi hivyo? Wataalamu wa Kiingereza wanatueleza kwamba asili yake ni katika lugha za kale za Kijerumani, na kwamba ni ndugu wa damu wa neno lao la rafiki. Maana yake ya mwanzo ilihusu upendo. Waliokuwa huru ni wapendwa wa nyumba, watu wa ukoo. Na wasiokuwa huru ni watumwa waliokaa katika nyumba hiyo hiyo bila ya kuwa jamaa. Baadaye maana ikatanuliwa. Ikiwa aliyefunguliwa minyororo yu huru, basi aliyefunguliwa deni naye yu huru, na kitu kilichofunguliwa malipo nacho ni huru. Ndivyo huru ya Waingereza ilivyoizaa bure yao, na mama na mtoto wakaitwa kwa jina moja.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Neno huru tulilipata kutoka Kiarabu. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya ubao wa maalimu kabla ya kuingia shule ya Serikali tulikutana nalo katika Surat al-Baqara, kwenye aya ya kisasi, ambamo mtu huru na mtumwa wanatajwa sambamba. Na mzizi wake tukaukuta tena katika aya za kafara, ambamo aliyetenda kosa huamriwa kumwacha huru mtumwa. Huko pwani mtu huru aliitwa pia muungwana, na leo jina hilo tunampa mtu mwenye adabu na haya. Katika mapokeo hayo yote huru linahusu utu wa mtu. Halikupata kuhusu bei ya kitu.

Bure ni neno jingine kabisa, tena lenye sura mbili. Sura moja ni kitu kisicholipiwa. Sura ya pili ni kitu kisicho na faida. Aliyesafiri hadi Butiama asimkute mwenyeji wake amekwenda bure. Aliyepigwa bila ya kosa amepigwa bure. Mtu asiye na maana ni mtu bure. Wazee wana bwerere, na vijana wameongeza dezo, wala hakuna hata moja kati ya maneno hayo lenye sifa njema. Hivyo basi, Mwingereza akisikia neno lake husikia ndani yake sauti ya heshima. Sisi tukisikia bure hatukosi kusikia, japo kwa mbali, sauti ya kitu kilichotupwa.

Wenye Kiingereza wenyewe wanausikia utata huo. Mwaka 1985 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alianzisha shirika la kutetea programu za kompyuta ambazo mtumiaji ana haki ya kuzichunguza, kuzibadili na kuwagawia wenzake. Aliziita kwa neno hilo hilo la herufi nne, na ikambidi kueleza mara kwa mara kwamba anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Baadhi ya wafuasi wake wakaazima neno la Kifaransa na Kihispania ili kuondoa mashaka. Kiswahili hakikuhitaji kuazima kitu. Tunasema programu huria, na kila mtu ameelewa. Chombo ambacho wenzetu wanakitafuta sisi tunacho nyumbani. Ubaya ni kwamba tunakiacha juu ya dari, kisha tunakwenda kuomba cha jirani.

Lakini tusijivune mno, maana Kiswahili nacho kina neno lake lililobeba mizigo miwili. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Kwa Kiingereza siku hiyo huitwa kwa neno lenye maana ya kutotegemea, yaani nchi kujisimamia yenyewe. Uhuru wa mtu mmoja mmoja, wa kusema, kuabudu na kwenda atakako, wao huuita kwa neno jingine. Sisi vyote viwili tunaviita uhuru. Hata mwaka 2024, sheria ilipoipa tume jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, neno huru lilisimama hapo kwa maana ya kutotegemea.

Mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alizijua njia hizi za maneno, kwani pamoja na mambo mengine alikuwa mfasiri. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza masomo katika shule ya Mwisenge hapa Musoma, na mwishowe akafika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, Tanganyika ikiwa changa bado. Ni tamthilia ambamo wauaji wanapiga kelele za uhuru papo hapo baada ya kumwangusha mtawala, wakidhani kelele zinatosha. Kisha nchi inaingia vitani. Tunaamini kiongozi aliyekaa na tamthilia hiyo mezani katika miaka ya kwanza ya dola yake alikuwa na sababu ya kuitafakari.

Mikusanyo yake mitatu mikubwa ya hotuba na maandiko ilichapishwa ikiwa na majina ya Kiingereza na ya Kiswahili: Uhuru na Umoja mwaka 1966, Uhuru na Ujamaa mwaka 1968, na Uhuru na Maendeleo mwaka 1973. Msomaji atazame kwamba katika majina yote matatu uhuru haukuachwa ukae peke yake. Umepewa mwenzi wa kuushika mkono. Katika andiko lake la mwaka 1968 aliufananisha uhuru na maendeleo na kuku na yai: bila kuku hupati yai, na bila mayai kuku nao watakwisha. Nembo ya Taifa, iliyo juu ya kila barua ya Serikali, imeandikwa Uhuru na Umoja. Na wito uliovuma nchini siku za mwanzo ulikuwa Uhuru na Kazi. Hakuna mahali ambapo waasisi waliandika Uhuru na Bure.

Aidha, Mwalimu alilitambua neno hili hata lilipojificha ndani ya neno jingine. Mwaka 1958, kabla hatujajitawala, serikali ya kikoloni ilipendekeza ardhi imilikiwe kwa namna ambayo kwa Kiingereza hubeba ndani yake neno free: mtu awe na kipande cha ardhi daima dawamu, akiuze apendavyo. Katika andiko lake lililoitwa Mali ya Taifa alilipinga pendekezo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu. Ni tunu ya Mungu kwa wote. Na uhuru wa tajiri mmoja kuinunua kesho utakuwa ni kufungwa kwa maskini wengi wasio na pa kulima. Mwaka 1963 sheria iliugeuza umiliki wa aina hiyo kuwa upangaji wa muda maalumu, na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Funzo ni hili: ukiliona neno hilo tamu, uliza kwanza ni uhuru wa nani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe lililotufanya tushike kalamu, nalo ni elimu.

Mji wa Musoma una jina katika historia ya elimu ya nchi hii. Hapa, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, likaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka mmoja kabla, 1973. Na watoto walipomiminika, madarasa yalijengwa kwa nini? Kwa sehemu kubwa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Walifyatua matofali, wakachota maji na kubeba mawe na mchanga. Mzee aliyejitolea siku hizo hatakuambia kwamba shule ile ilikuwa bure. Atakuonyesha mabega yake.

Miaka ya shida ikaja, na katika miaka ya 1980 na 1990 malipo na michango ikarejea. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ikafutwa tena. Kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, ilikuwa Sh. 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh. 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 ikafuata zamu ya kidato cha tano na cha sita. Mpango wa mwaka 2016 nyaraka za Serikali ziliuita elimumsingi bila malipo. Midomo ya watu, na hata ya baadhi ya viongozi majukwaani, ikauita elimu bure.

Msomaji anaweza kusema hayo ni mamoja. Sisi tunasema si mamoja, na tutaeleza kwa nini.

Bila malipo ni kauli inayodai kumaliziwa: bila malipo gani? Husemi bila ukanyamaza. Ukisema bila ada, umetaja ada, na kila ambacho hukukitaja kinabaki pale kilipokuwa. Bure haidai kumaliziwa. Ni neno linalofunga mlango. Aliyeambiwa bure anaamini kwamba hadaiwi daftari, sare wala uji wa mchana. Waraka wa mwaka 2016 uliorekebisha jambo hilo uliwakumbusha wazazi kwamba sare, madaftari na kalamu, na chakula kwa wanafunzi wa kutwa, bado ni juu yao. Lakini waraka hutembea kwa miguu, na neno bure lilikuwa limekwisha kupanda mtumbwi wa injini.

Matokeo yake ni pande mbili zinazotupiana lawama. Upande huu yupo mzazi anayesema Serikali imekwisha kulipa, asisumbuliwe; na mtoto wake hukaa darasani tangu asubuhi hadi alasiri tumbo likiwa tupu, maana kijiji kimekataa kuchanga hata debe la mahindi. Upande wa pili yupo kiongozi wa shule au wa kijiji anayesema kwamba kilichofutwa ni ada tu, kisha anabuni mchango mmoja baada ya mwingine, wa mlinzi, wa mtihani, wa ukarabati, na mtoto asiye nao hurudishwa nyumbani. Huyu naye amekosa, tena sana, kwa kuwa mchango wa hiari ukishaambatana na adhabu hauitwi hiari tena. Wa kwanza amelitumia neno ili aukimbie wajibu wake. Wa pili amelitumia neno hilo hilo ili arudishe ada kwa mlango wa nyuma. Aliyeumia katikati ni mtoto, na yeye hakulitamka neno lolote.

Isitoshe, bure huficha mkono uliolipa. Mpango ulipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilihesabiwa kuwa Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na Sh. 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Fedha hizo hazikuota ziwani kama magugu maji. Zimetoka katika kodi ya sukari aliyonunua mama wa Butiama, katika ushuru wa samaki aliovuliwa Rukuba, katika pamba ya mkulima wa Bunda. Mwananchi akiambiwa ni bure hana sababu ya kuuliza zimetumikaje, maana nani hukagua zawadi? Akiambiwa zimelipwa kwa kodi yake, atasimama katika mkutano wa kijiji na kudai hesabu. Kwa afisa mwaminifu swali hilo ni msaada. Kwa asiye mwaminifu ni mwiba, na hatushangai kwamba mtu wa namna hiyo hulipenda sana neno bure.

Ndugu zetu wa visiwani wana mfano mwingine, wa afya. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa kuwahudumia bila malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Ni sera ya utu. Lakini kwa mama mjamzito wa Rukuba, uchungu ukimshika usiku na ziwa limechafuka, bila malipo huanzia penye mlango wa hospitali. Kabla ya mlango huo upo mtumbwi, upo mafuta ya injini, na yupo nahodha wa kuamshwa. Afisa aliye Musoma akiandika bure katika taarifa yake anaona amemaliza kazi. Mkaaji wa kisiwani anajua kwamba sehemu iliyo ghali zaidi haijatajwa. Ndiyo maana twasema ahadi ya namna hiyo haina budi kuandikwa kwa ukamilifu: nini kimesamehewa, kuanzia wapi, na nini kinabaki juu ya nani. Ikishaandikwa hivyo, Halmashauri na wanakijiji wanaweza kukaa pamoja kupanga chombo cha dharura. Ikiachwa katika bure, hakuna wa kupanga.

Hata hivyo, visiwani nako lipo kosa la upande wetu wananchi. Tunapenda kusema ziwa ni la wote. Ni kweli, maji yake ni huru, na hakuna bwana aliyeyazungushia ukuta. Lakini kutoka katika huru tunateleza haraka hadi bure, na kutoka bure hadi shamba la bibi, ambamo kila apitaye huvunja muwa. Mvuvi wa nyavu haramu huchukua kijana wa sangara ambaye hajazaa hata mara moja, akasema amekipata bila gharama. Gharama ipo, atailipa mwanawe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, leseni, na vikundi vya usimamizi vilivyowekwa katika mialo havikuja kuuondoa uhuru wa mvuvi. Vimekuja kuutenga uhuru huo na ule ubure unaomaliza samaki.

Bunda nao wamefundishwa na neno huria. Kwa miaka mingi mkulima wa pamba aliuza kwa chama cha ushirika, atake asitake. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na likaja jina jipya, soko huria. Wapo waliosikia huru, wakadhani mkulima sasa atapanga bei. Kumbe kilichofunguliwa ni mlango, na mlango ukifunguliwa huingia wema na wabaya, wenye mizani ya haki na wenye mizani ya kuchezea. Huria maana yake si kwamba hakuna sheria. Maana yake ni kwamba wengi wanaruhusiwa kuingia, na kwa sababu hiyo hiyo msimamizi anatakiwa awe macho zaidi.

Mfano wa mwisho unatuhusu sisi makada hasa. Mwingereza hutumia neno moja kwa uchaguzi usioingiliwa na mtu na kwa bia ambayo mtu hakuilipia. Kwake maneno hayo mawili yanaweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana. Kwetu yanagombana, na ni vizuri yagombane. Kulikuwa na wakati sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ilipofika mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Hukumu hiyo ilikubaliana na hekima ya lugha yetu. Aliyekunywa cha bure usiku wa kuamkia kura haendi kituoni akiwa huru. Bure imeila huru.

Tunapenda basi kutoa ushauri kwa pande zote mbili.

Kwa maafisa wa Serikali tunasema: msiliachie neno moja la kigeni liwafikirie. Kila mkutanapo nalo katika waraka, simameni mwulize ni nani kati ya wale abiria watano. Ikiwa ni huru, taja ni uhuru wa nani na unaishia wapi penye uhuru wa mwingine. Ikiwa ni huria, taja msimamizi. Ikiwa ni nafasi au bila, kazi ni nyepesi. Na ikiwa ni kutolipa, liacheni neno bure liwe la karamu, na mwandike mambo matatu waziwazi: malipo gani yamefutwa, nani ameyalipa badala ya mwananchi, na wajibu gani umebaki. Tangazo hilo libandikwe penye ofisi ya kijiji, penye zahanati na penye mwalo, kwa Kiswahili ambacho bibi kizee akisomewa ataelewa bila kuhitaji mkalimani.

Kwa wananchi, na hasa ndugu zetu wa visiwani ambao habari huwafikia imekwisha kupita vinywa vingi, tunasema: mkisikia bure, ulizeni. Msiulize kwa shari, ulizeni kama wenye mali. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni hula bila kulipa, wala hana sauti katika mambo ya nyumba. Mwenyeji hushika jembe, na kwa jembe hilo hupata haki ya kuuliza mavuno yamekwenda wapi. Katika nchi hii hatukupata uhuru ili tuwe wageni wa Serikali. Shule ni zetu, zahanati ni zetu na ziwa ni letu. Basi tuzichangie kwa haki, tukatae kutozwa kwa hila, na hesabu zake tuzidai bila woga.